Jina la Mgeni Kwenye Kalenda ya Chooni

Walionicheka wiki iliyopita wajiandae kunicheka tena. Na yule msomaji aliyeniandikia kwamba mwanaume mwoga kama mimi hastahili hata baiskeli, asome mpaka mwisho, halafu aniandikie barua nyingine. Naona atahitaji karatasi zaidi.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Douwe Wiarda, fundi baiskeli wa Aldeterp, kijiji cha Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni rundo la samadi la Bwana Postma. Nina mke, Hiske, na mabinti wawili. Sote wanne tunaishi kwa mama mkwe, chumba cha mbele na dari. Tangu vita viishe tumo kwenye orodha ya wanaosubiri nyumba. Kila mwaka naenda kuuliza, na kila mwaka karani ananiambia nimesogea. Sijui nasogea kuelekea wapi.

Ndiyo maana mwezi wa Machi, nilipoona tangazo la mkutano wa wanaotaka kuhamia Nyuzilandi, nilikwenda. Mtu mmoja alituonyesha picha ukutani: nyumba za mbao, kila moja na bustani yake, na nyuma ya kila moja kilima cha kweli. Nilirudi nikajaza fomu peke yangu kwenye karakana. Penye swali "Je, mke wako yuko tayari kuhama?" niliandika: Ndiyo, kwa moyo wote.

Hiske sikumwuliza. Niliogopa atasema hapana, na hapana ya Hiske haina rufaa.

Wiki iliyopita niliishia pale barua ilipofika. Bwana Van Ommeren wa kutoka Haag, ofisa wa uhamiaji wa serikali, atatutembelea nyumbani, Alhamisi tarehe kumi na nane Septemba, saa tisa alasiri. Mke lazima awepo na ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Bila ndiyo yake, faili linafungwa.

Barua niliichoma kwenye jiko la karakana nisije nikashikwa nayo. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusahau, nikaenda kuandika jina la yule bwana mahali ambapo sisi tunaandika tarehe za kutosahauliwa.

Chooni.

Kila nyumba kwetu ina kalenda ya siku za kuzaliwa, na inaning'inia chooni, mbele ya macho ya aliyekaa. Kila mwezi una ukurasa wake. Haina siku za wiki wala mwaka, ina tarehe tu na majina ya watu, kwa hiyo haichakai mpaka wenye majina waishe. Nilichukua penseli, nikaandika mbele ya tarehe kumi na nane, kwa herufi ndogo kabisa: Van Ommeren. Nikatoka najiona mjanja.

Ujanja huo ulidumu siku nne.

Jumamosi tarehe sita mama mkwe alitimiza miaka sitini na sita. Kwetu hakuna mwaliko wa siku ya kuzaliwa. Unakumbuka, unakwenda. Ukifika unampa hongera mwenye siku yake, kisha unampa hongera kila aliyekaa humo, mmoja mmoja, hata kama hana undugu na mwenye siku na amefuata keki tu. Halafu unakaa kwenye duara la viti. Unapewa kahawa na kipande cha keki, kisha kahawa ya pili na biskuti moja kutoka kwenye kopo. Kopo linafungwa. Hapo unajua sherehe imefika ukingoni.

Kopo lilikuwa bado wazi jirani yetu Bi Klaske alipokwenda kujisaidia. Alirudi, akakaa, akarekebisha sketi.

"Froukje," akamwambia mama mkwe, "hivi Van Ommeren ni nani?"

"Van nani?"

"Ommeren. Tarehe kumi na nane. Nimemkuta huko chooni."

"Umemkuta mtu chooni na ukakaa kimya mpaka sasa?" akasema mjomba Meindert, akacheka peke yake.

Mama mkwe hakucheka. "Hilo si jina la kwetu. Hilo ni la watu wa Holland, wa huko kusini," akasema, kama anayetaja ugonjwa. "Hiske, umemwandika wewe?"

"Si mwandiko wangu," akasema Hiske. Kisha akanigeukia.

Wote kumi na mmoja wakanigeukia.

"Rafiki yangu," nikasema. "Wa jeshini."

"Miaka yote hii hujawahi kumtaja!"

"Ni mtu mkimya."

"Anatimiza mingapi?"

"Arobaini."

"Ana mke?"

"Hana."

"Watoto?"

"Hana."

"Mama yake yupo?"

Hapo ningesema yupo, yakaisha. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea kukana.

"Alifariki," nikasema. Hivyo ndivyo nilivyomwua mama wa ofisa wa serikali, nikiwa na biskuti mkononi.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo siku ya kuzaliwa kwake mtoto wa watu atakaa peke yake anatazamana na kuta?"

Nikaona mwanya. Kwa akili yangu nikadhani hapa ndipo nitakapoupatia sababu ujio wa yule bwana. "Hapana, Mama. Atapita hapa. Saa tisa."

"Basi nitaoka," akasema mama mkwe. "Na nyinyi wote mje. Asije akajiona yatima."

Wote wakaitikia. Bi Klaske akatoa kijitabu chake kwenye pochi akaandika.

Nilikuwa na siku kumi na mbili za kumwambia Hiske ukweli. Siku nane nilizitumia kusafisha baiskeli ambazo hazikuwa chafu. Siku tatu niliumwa tumbo.

Siku iliyobaki ilikuwa Jumatatu, siku ya kufua, na nilijikaza kisabuni nikamfuata nyuma ya nyumba alikokuwa anaanika mashuka.

"Hiske."

"Enhe."

"Upepo mzuri leo."

"Mzuri." Alibana shuka kwa vibanio viwili. "Huyo rafiki yako anapenda nini? Mama anataka kujua aoke keki gani."

"Yoyote tu."

"Umekaa naye jeshini hujui anapenda nini?"

"Jeshini tulipenda kila kitu."

Akanitazama juu ya kamba. Hiske ana macho ya kijivu ambayo hayana haraka. "Douwe, huna la kuniambia?"

"La kukwambia kama lipi?"

"Sijui. Mimi ninalo langu, lakini naona bora litangulie lako." Akaokota shuka lingine. "Siku hizi unaiangalia kalenda?"

Nikajua nimeshikwa. Amegundua Van Ommeren ni nani. Nikajifanya sielewi kitu. "Naiangalia kila siku. Si iko mbele ya uso?"

"Yote?"

"Yote."

"Haya," akasema taratibu. "Vizuri kama umeiangalia yote." Akanipa mgongo, akaendelea kuanika. Mimi nikarudi karakana kusafisha baiskeli.

Alhamisi saa nane na nusu sebule ilikuwa imejaa. Viti viliazimwa kwa jirani wa kushoto na wa kulia. Mama mkwe alikuwa amekizungushia karatasi za rangi kiti kimoja, kile chenye mikono, alichokuwa anakalia marehemu baba mkwe. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kukikalia tangu mazishi. Nilipokiona nikatamani ardhi ipasuke.

Saa tisa kamili kengele ikalia. Nikaruka nikawa wa kwanza mlangoni, nikatoka nje, nikaufunga mlango nyuma yangu.

Alikuwa bwana mrefu, mwembamba, ana mkoba wa ngozi, na suruali ameibana vifundoni kwa ajili ya baiskeli ya kukodi.

"Bwana Wiarda? Van Ommeren."

"Karibu sana. Ila kabla hujaingia, Bwana, humo ndani kuna watu wengi kidogo."

Akafungua mkoba, akatazama karatasi. "Familia ni ya watu wanne."

"Ndiyo. Hao wengine wamekuja kwa ajili ya siku yako ya kuzaliwa."

"Mimi nilizaliwa tarehe mbili Mei."

"Naelewa. Lakini kwa leo tu, kwa saa moja tu, kama ungekubali..."

"Bwana Wiarda," akasema, "mimi ni mtumishi wa serikali. Siwezi kuzaliwa Septemba."

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa ameshavua aproni.

"Ndiye huyu! Jamani, alivyokonda! Ingia, mwanangu, ingia. Hongera kwa siku yako. Na pole sana kwa mama."

"Mama amepatwa na nini?" akauliza Van Ommeren, lakini alikuwa ameshavutwa mkono.

Sasa, huyu bwana alikuwa mtu wa Haag, mtu wa mafaili, lakini kwa desturi hii alikuwa mmoja wetu. Mkono wa hongera ukinyooshwa mbele yako huwezi kuuacha ukielea. Akaushika wa kwanza, akasema asante. Akaushika wa pili. Alizungushwa duara zima, mikono kumi na moja, asante kumi na moja, na alipofika wa mwisho niliona kabisa ameanza kusadiki. Wakamkalisha kwenye kiti cha marehemu. Wakamwimbia. Bi Klaske alitokwa na machozi.

Akapewa kahawa. Akapewa keki yenye malai. Akapewa biskuti, na kopo likafungwa.

Kisha mama mkwe akalifungua tena. "Chukua nyingine, mwanangu."

Miaka kumi ya ndoa sijawahi kuona kopo lile likifunguliwa mara ya pili. Mjomba Meindert aliacha kutafuna. Van Ommeren alielewa heshima aliyopewa, kwa sababu masikio yalimwiva mekundu, akaichukua biskuti kwa vidole viwili.

Laiti ningekuwa na akili, dakika ile ningemvuta Hiske jikoni nikamwambia yote. Alikuwa amekaa mkabala na mimi, mikono kwenye mapaja, ananitazama. Ananisubiri. Mimi nikainamia keki.

Van Ommeren akatazama saa ya ukutani. Akapangusa malai mdomoni, akachukua mkoba wake.

"Mabibi na mabwana, nawashukuru kuliko ninavyoweza kusema. Nyumbani kwangu sijawahi kufanyiwa hivi hata mwezi wa Mei. Lakini nina treni, na sina budi kufanya kazi iliyonileta."

"Kazi siku ya kuzaliwa?" akasema Bi Klaske. "Wanakutesa huko Haag."

"Nani hapa ni Bi Hiske Wiarda?"

"Mimi," akasema Hiske.

"Bibi, mumeo ameandika kwamba uko tayari kwa moyo wote kuhamia Nyuzilandi pamoja naye na watoto. Nimekuja kulisikia hilo kwa mdomo wako."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akalifunga kopo la biskuti. Lililia pa!

"Kwa hiyo leo si siku yake ya kuzaliwa?" akauliza mjomba Meindert.

"Nyamaza, Meindert," akasema mkewe.

"Douwe," akasema mama mkwe. "Nyuzilandi ni wapi?"

Van Ommeren ndiye aliyejibu. "Ni mbali, Mama. Wiki sita kwa meli. Ukitoboa dunia hapo ulipokaa, utatokea jirani na huko."

Mama mkwe akatazama chini ya kiti chake, kwenye zulia, kama anayetaka kuhakikisha. Alipoinua uso hakuwa na hasira. Ningependelea hasira.

"Miaka saba nalala chumba cha nyuma," akasema. "Nasikia wajukuu zangu wakigeuka darini, najua yupi amegeuka. Ungeniambia tu, Douwe, kwamba nimewachosha."

"Si wewe, Mama. Wallahi si wewe."

"Ni nani basi? Paka?"

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, fundi ninayesifiwa vijiji vitatu, na nililia kama mtoto aliyevunja chungu. Nasema wazi, maana nimeahidi kwenye ukurasa huu kusema yote: nilijionea aibu kubwa. Nilimpenda yule mama. Nilichotaka ni mlango wangu mwenyewe tu, niufunge na kuufungua.

Van Ommeren alikuwa ameshatoa kalamu. "Bi Wiarda, naomba jibu."

"Sina jibu," akasema Hiske. "Sijaulizwa."

"Nimekuuliza sasa hivi."

"Wewe umeniuliza, Bwana, na nakushukuru. Huyu hajaniuliza." Akanielekezea kidole. "Aniulize yeye. Hapa hapa, mbele ya watu."

Duara lote likageuka. Bi Klaske alisogeza kiti mbele ili aone vizuri.

Nikasimama. Nilipomposa Hiske tulikuwa wawili tu, kwenye daraja la mfereji, na mvua ilikuwa inanyesha. Hiyo ilikuwa rahisi.

"Hiske," nikasema, "utakubali twende Nyuzilandi?"

"Ungeniuliza Machi," akasema, "ningekujibu Machi. Ningekwambia ndiyo."

"Ndiyo?"

"Ndiyo. Nilitaka kuliko wewe. Lile tangazo la mkutano ulilikuta wapi?"

"Kwenye meza yangu ya kazi. Kwenye karakana."

"Lilifikaje?"

Nikafikiri. Sikuwahi kufikiri.

"Nililikata mimi gazetini," akasema Hiske. "Nikaliweka juu ya bisibisi zako ili ulione. Ulidhani limepeperushwa na upepo? Nikangoja uje uniambie. Nikakuona unakwenda mkutanoni kimyakimya, nikasema atarudi aniambie. Hukuniambia. Nikaona wino vidoleni mwako, wewe mtu wa grisi, nikasema sasa ataniambia. Nimengoja miezi sita, Douwe. Nimengoja mpaka Jumatatu hii kwenye kamba ya nguo."

Jamani, wasomaji. Miezi sita nazunguka na siri tumboni, nachoma barua, naua mama za watu, kumbe mke wangu ndiye aliyeianzisha safari!

Furaha ilinipanda mpaka nikacheka kwa sauti. "Basi ni ndiyo!" nikamwambia Van Ommeren. "Andika, Bwana! Ni ndiyo!"

"Ngoja kwanza," akasema Hiske.

Akainuka, akatoka. Tulisikia mlango wa choo ukifunguliwa, kisha kitu kikichomolewa msumarini. Akarudi na kalenda mkononi, na ile penseli inayoning'inia kwa uzi.

"Uliniambia unaiangalia yote."

"Ndiyo."

"Kila siku unaingia humo na gazeti, dakika ishirini, watoto wanagonga mlango. Umeiangalia yote?"

"Hiske, nimeangalia."

"Funua Februari."

Nikafunua. Februari ilikuwa na watu wachache: mjomba Meindert tarehe tatu, binamu wa Leeuwarden tarehe ishirini na saba. Katikati, mbele ya tarehe kumi na moja, palikuwa na mwandiko wa Hiske, wa penseli, uliokwisha kufifia kidogo.

Mtoto wa tatu.

Niliusoma mara mbili, ya pili kwa sauti, pamoja na tarehe. Kisha nikamtazama Hiske, aproni yake, jinsi alivyoifunga juu siku hizi na si kiunoni. Kila mtu aliyefika nyumba ile angeona. Mimi nilikuwa naona vilima.

"Tangu Julai imo humo," akasema. "Nilitaka uikute mwenyewe. Uje mbio, umeshika suruali. Nilikuwa nacheka peke yangu nikifikiria."

Wa kwanza kupata akili alikuwa mama mkwe. Alisimama, akamkumbatia binti yake, akasema hongera. Akanijia mimi, akanishika mkono akaubana mpaka mifupa ikalia, akasema hongera. Kisha, kwa sababu desturi haina breki, akazunguka duara zima: hongera Meindert, hongera Klaske. Alifika mpaka kwa Van Ommeren. Van Ommeren akainuka kwenye kiti cha marehemu, akasema asante. Kopo likafunguliwa mara ya tatu.

Lakini yeye hakuchukua biskuti. Alikuwa anapekua karatasi zake, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nasikitika kusema hili leo," akasema. "Meli yenu inaondoka tarehe kumi na tisa Januari. Mama mwenye mimba ya miezi minane hapandishwi."

"Na meli inayofuata?" nikauliza.

"Kwa familia nzima, siwezi kukuahidi. Kuna orodha."

Orodha! Neno lile nilikuwa nalijua.

Akatazama saa, kisha mimi. Aliniongelesha kwa upole kabisa, na nadhani ni kwa sababu ya ile biskuti ya pili. "Iko njia moja, Bwana Wiarda. Baba anaweza kutangulia. Unapanda Januari, unashika kazi, unashika nyumba, mama na watoto wanakufuata nafasi ikipatikana. Wengi wanafanya hivyo. Ila lazima nijue leo. Nafasi usiyoichukua leo, kesho ni ya mwingine."

"Inapatikana baada ya muda gani?" akauliza Hiske. "Hiyo nafasi ya mama na watoto?"

"Miezi sita. Mwaka. Bibi, sitaki kukudanganya."

Nje nilisikia mabinti zetu wanarudi kutoka shuleni, wanabishana juu ya kitu fulani. Nyumba yenye mlango wake ilikuwa imekaa pale sebuleni katikati ya duara, ningeweza kuigusa.

"Bwana Van Ommeren," akasema Hiske, "jibu langu andika ndiyo. Kwa moyo wote, kama alivyosema mwenyewe. Mimi nitakwenda, leo au mwaka kesho, na Mama akitaka nitambeba." Mama mkwe akapenga kamasi. "Sasa limebaki lake."

Akanipa penseli.

"Hapo, Douwe. Mbele ya mtoto wako. Andika siku hiyo baba yake atakuwa wapi."

"Hiske, tuongee kwanza, sisi wawili..."

"Tulikuwa na muda wa kuongea sisi wawili tangu Machi. Andika. Ukiandika Nyuzilandi sitalia, nitakupakia sanduku. Ukiandika Aldeterp sitakuuliza tena habari ya vilima. Lakini liandike wewe, nilione mwandiko wako."

Van Ommeren alifunika kalamu yake, akafunua tena. Mama mkwe alikuwa ameshika kifuniko cha kopo, hajakifunga wala hajakiacha. Mlango wa nyuma ukagongwa, binti yetu mkubwa akaita, "Baba?"

Niliikaza penseli vidoleni. Ile ndiyo ya Hiske mwezi wa Machi niliijaza bila kusita hata kidogo. Sasa nilitakiwa kuandika neno moja la kwangu mwenyewe, na watu wote wale waliona jinsi ncha ya penseli ilivyogusa karatasi, ikasimama hapo, isisogee.